Bonge kwenye vena za ubongo wa mtoto: vipimo vya mgando visikupoteze njia

Ukianza kazi wodi ya watoto utakutana na tabia moja: picha ya MRI ikionyesha bonge la damu kwenye mifereji ya vena za ubongo, fomu ya vipimo vya matatizo ya kurithi ya kuganda kwa damu inajazwa kabla hata mtu hajachungulia sikio la mtoto. Anza na sikio. Mfereji wa sigmoidi, mmojawapo wa mifereji hiyo, umepita nyuma ya mfupa wa mastoidi, ule ulio nyuma ya sikio, na kinachovitenga ni ukuta mwembamba wa mfupa. Usaha wa sikio la kati ukifika mastoidi, uvimbe unahamia kwenye ukuta wa vena na damu inaganda mahali hapo. Kwa hiyo angalia bonge liko upande gani. Likiwa upande wa sikio bovu, tayari una nusu ya jibu.

Nasema nusu, kwa sababu watoto wengi wana zaidi ya kisababishi kimoja. Kichanga asiyenyonya vizuri, mpime uzito na ulinganishe na wa siku aliyozaliwa. Upungufu wa maji huonekana hapo mapema. Kwenye picha nzima ya damu tazama ukubwa wa chembe nyekundu: zikiwa ndogo, fikiria upungufu wa madini ya chuma. Usitulizwe na feritini (kipimo cha akiba ya chuma) ya kawaida kama mtoto ana maambukizi, maana uvimbe wenyewe huipandisha. Chovya kijiti kwenye mkojo. Ni kazi ya dakika moja, na mtoto mwenye ugonjwa wa nefrotiki, yaani figo zinazovujisha protini, anapoteza antithrombini, protini inayozuia damu kuganda, kwa njia hiyo hiyo ya mkojo. Uliza kuhusu dawa ya asparajinasi kwa mwenye leukemia (saratani ya damu), katheta (mrija wa mshipani) iliyowekwa shingoni, seli mundu na ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa. Binti aliyebalehe muulize kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango mama yake akiwa nje ya chumba, vinginevyo usitegemee jibu la kweli.

Sasa vipimo. Vya vinasaba, yaani fakta V Leiden na badiliko la prothrombini G20210A, mabadiliko mawili ya kurithi yanayoifanya damu igande kirahisi, vinaweza kuchukuliwa siku yoyote. Bonge wala dawa havivibadilishi. Protini C, protini S na antithrombini, zote breki za kuganda kwa damu, ni habari nyingine. Bonge bichi huzitumia, ini lililoelemewa huzitengeneza kidogo, dawa ya kuzuia mgando ya hepari hushusha antithrombini, na mwenzake warfarini hushusha protini C na S. Fakta VIII, protini inayosaidia damu kuganda, yenyewe hupanda kwa homa na uvimbe. Ukipata nafasi ya kutoa damu kabla ya dozi ya kwanza ya hepari, itoe, lakini matibabu yasisubiri majibu. Majibu hayo mara chache hubadilisha dozi ya leo.

Makosa mengi huanzia kwenye tyubu. Tyubu ya sitrati, dawa inayozuia damu isigande ndani ya tyubu, inataka sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitrati. Ukiijaza nusu, sitrati inazidi, inafunga kalsiamu kupita kiasi, na muda wa kuganda unarefuka bila mtoto kuwa na tatizo lolote. Hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikipita 55%, kama kwa baadhi ya vichanga na watoto wa moyo wenye midomo ya bluu, plazma, yaani maji ya damu, ni kidogo na kosa ni lile lile hata tyubu ikijaa hadi alama. Mfano: tyubu ya mililita 1.8 za damu ina mililita 0.2 za sitrati. Hematokriti ikiwa 65%, inatakiwa takriban 0.12 tu, yaani 0.08 ipunguzwe. Usipunguze mwenyewe kitandani. Wapigie maabara kabla ya kuchoma, wakuandalie tyubu. Na usichukue damu kwenye laini (mrija wa mshipani) iliyosafishwa kwa hepari.

Jibu likirudi, lisome kwa viwango vya umri. Protini C ya kichanga mzima huwa karibu theluthi moja ya ile ya mtu mzima, na inaweza kubaki chini kidogo hadi ujana. Ukitumia kipimo cha watu wazima, karibu kila kichanga utamwandikia upungufu. Isiyopimika kabisa ndiyo ya kukushtua, hasa ngozi ikianza kuwa na mabaka meusi.

Kipimo kilichotoka chini kirudiwe wakati dawa ya warfarini imeachwa kwa wiki kadhaa na uvimbe umetulia. Kingamwili za antifosfolipidi, zinazoweza kuchochea damu kuganda, hurudiwa baada ya wiki 12, kwani nyingi huja na maambukizi na kuondoka nayo. Andika tarehe ya kurudia kwenye kadi ya kliniki siku ya kuruhusiwa. Ikibaki kwenye faili la wodi, hakuna atakayeiona. Kabla neno "kurithi" halijaingia kwenye faili, pima pia baba na mama, ukiuliza kwanza kama mama ni mjamzito au anatumia vidonge vyenye estrojeni. Vyote viwili hushusha protini S yake.