Mdogo wangu, usimwache mama auze ng'ombe

Umeniomba nikutafutie timu ya baiskeli huku Italia, kwa sababu Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi, Tour de France ya 2024, na kwa sababu kuna mtu kawaambia huko kwamba mimi ni meneja wa hoteli. Aliyesema hivyo amewadanganya. Nasugua vyoo na kutandika vitanda katika hoteli moja hapa Rimini, na wageni wa kiangazi wakijaa napiga zamu mbili. Pesa mnayopokea inatoka hapo.

Katika mji huuhuu, tarehe 14 Februari 2004, Marco Pantani, bingwa wa baiskeli wa Italia, alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli, peke yake, kwa kokeini. Alikuwa na miaka 34. Kila nikibisha hodi na mgeni asiitike, huwa namkumbuka. Kwao Cesenatico si mbali na hapa. Mwaka 1998 alishinda Giro, yaani mbio kubwa za kuzunguka Italia, na Tour ya Ufaransa, zote mbili. Kwenye Tour hiyo, katika mvua na baridi ya milima ya Alps, alimwacha mpinzani wake Mjerumani, Ullrich, kwa karibu dakika 9. Mwaka uliofuata, Juni 5, kwenye Giro, akiwa ndani ya jezi ya waridi ya anayeongoza na hatua mbili tu zimebaki, wakampima damu asubuhi: chembe nyekundu asilimia 52, mwisho ulikuwa 50. Akatolewa mbioni. Kusimamishwa kwenyewe kulikuwa kwa siku 15, lakini hakuwa yule tena. Mwaka 2013 Seneti ya Ufaransa ikatoa majibu ya sampuli zake za 1998: EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Namlilia, na bado nasema alikosea.

Agosti iliyopita mgongo wangu uligoma. Mwenzangu wa zamu akanipa vidonge, nikameza wiki tatu bila kumwona daktari, kwa kuwa mlikuwa mnapiga simu kuuliza ada ya dada imetumwa au bado. Hakuna aliyenilazimisha.

Kwa hiyo usije sasa. Lakini kama miguu yako ni kweli, fanya mazoezi, ukija uje na makaratasi yaliyonyooka. Wakala anayetaka hela taslimu mkimbie. Utalala kwangu, nitakupikia ugali. Na yeyote akikuletea sindano akisema ni vitamini, nipigie hata saa nane ya usiku.

Ada natuma Ijumaa. Mama mwambie wewe kazi ninayofanya. Mimi nimejaribu mara tatu, nikashindwa.