"Neno alifanyika" au "Neno lilifanyika"?

Swali: Mimi ni msomaji wa masomo kanisani. Siku ya Noeli nilisoma Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Baada ya ibada, kijana wa kidato cha nne akaniambia kwa adabu kwamba neno ni ngeli ya LI-YA, kwa hiyo ilipasa iwe "lilifanyika". Nilipomwonyesha Biblia, akasema basi Biblia ndiyo iliyokosea. Nani yuko sahihi? Tena, naomba kujua kama inafaa kusema "Mungu alijifanya mtu".

Jibu: Ndugu msomaji, ulisoma sawasawa. Naye kijana wako mpe hongera kwa kusikiliza viambishi, maana wengi wetu tumeusikia mstari huo tangu utotoni bila kujiuliza lolote.

Anachosema ni kweli kwa neno la kawaida: neno limesemwa, maneno yamesemwa. Lakini muulize hivi: darasani kwao akiwapo msichana aitwaye Pendo, atasema "Pendo limechelewa" au "Pendo amechelewa"? Nomino pendo imo katika LI-YA, sawa kabisa na neno. Tumaini vilevile. Tumaini likirudi, moyo umetulia. Tumaini akirudi, tunampisha aketi. Jina halikubadilika hata herufi moja, ila kiambishi kimetuambia kama tunazungumzia jambo au mtu. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, lakini mpaka kati ya nani na nini kinaulinda kwa makini sana.

Ndicho kilichofanywa na watafsiri wa Yohana. Nakuomba urudi mstari wa kwanza, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito wote: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Kitenzi cha kwanza kinaanza na ku-, kiambishi cha mahali, ambacho hakijaamua lolote kuhusu ngeli ya Neno. Kisha inakuja "naye". Ingeweza kuwa "nalo", na hakuna mwalimu ambaye angeweka alama ya kosa. Kwa silabi hiyo moja msomaji ameshaambiwa kwamba Neno ni nafsi.

Tazama pia kwamba "naye" hiyo imetokea mistari kumi na mitatu kabla ya mwili kutajwa. Wapo wanaoeleza kwamba Neno linapewa A-WA, ngeli ya watu na viumbe hai, kwa sababu lilikuja kuwa mtu. Maelezo hayo hayatoshi. Kwa imani ya Kikristo, Neno alikuwa nafsi tangu milele, na alipozaliwa Bethlehemu aliongeza ubinadamu. Hakuanza hapo kuwa "nani". Mungu mwenyewe ni mfano. Kwa umbo, Mungu/miungu hufanana na mti/miti, lakini tunasema Mungu anasikia. Zinapotajwa sanamu, amri katika Kutoka 20:3 inasema "miungu mingine", si "wengine".

Kama kijana bado ana shaka, mfungulie Waebrania 4:12 katika Biblia ileile ya Union Version: "Maana Neno la Mungu li hai, tena lina nguvu." Hapo LI imerudi! Hapo wafasiri waliona ujumbe wa Mungu, usemi wake unaokata kuliko upanga, wakaupa ngeli yake ya kawaida. Watu wanaotofautisha hivyo hawakughafilika kule kwa Yohana.

Na jambo hili halikuishia kwa Wakristo. Katika tafsiri ya Qurani ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, An-Nisaa aya ya 171, Isa anaitwa neno la Mwenyezi Mungu "alilompelekea" Maryamu. Kirejeshi ni -lo-, cha LI. Kwa Uislamu neno hilo ni amri ya Muumba, si nafsi ya kiungu iliyotwaa mwili, na sarufi imeifuata akida hiyo kwa uaminifu uleule. Mimi hustaajabu kila nikiziweka aya hizi mbili pamoja: tofauti kubwa kabisa kati ya dini mbili za majirani imebebwa na silabi ambayo tunaitamka bila kuisikia.

Wakatoliki watakuwa wameona jambo jingine katika sala ya Malaika wa Bwana kama wengi tulivyoizoea: "Neno la Mungu akatwaa mwili." Mbele "la", nyuma "a-". Je, ni mchanganyiko mbaya? Hapana. Tunasema "rafiki yangu amefika", na hatusemi "rafiki wangu". Kimilikishi kinaweza kufuata umbo la nomino huku kitenzi kikifuata uhai.

Sasa "alijifanya mtu". Nakusihi usiiseme. Masikioni mwa leo, anayejifanya mgonjwa hana ugonjwa. Ukisema Mungu alijifanya mtu, umesema aliigiza, nalo ni fundisho ambalo Kanisa lilikataa tangu mwanzo. 1 Yohana 4:2 inadai kukiri kwamba Yesu Kristo "amekuja katika mwili". Najua Wafilipi 2:7 ina "alijifanya kuwa hana utukufu". Pale ji- ina maana yake ya msingi, kujitenda mwenyewe, lakini ukiisoma mbele ya vijana, ifafanue.

"Aligeuka kuwa mtu" nayo ina kasoro. Kinachogeuka huacha kuwa kilivyokuwa, ilhali Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulifundisha asili mbili katika nafsi moja, bila kugeuka.

"Alifanyika" ni halali, ingawa siku hizi tumeizoea zaidi kwa mikutano na harusi. Yohana 1:12 inaitumia kwetu sisi, "kufanyika watoto wa Mungu", kwa hiyo isomeni pamoja na mstari wa 14. Biblia ya Habari Njema imechagua "akawa mwanadamu", chepesi kueleweka. Lakini mimi nikiulizwa, napenda "akatwaa mwili". Anayetwaa hubaki yeye yule, na sasa anacho alichokitwaa. Hata watangazaji wa mpira bado wanakiweka hai kitenzi hicho kila timu inapotwaa kombe.

Nomino ya tendo hilo la kutwaa mwili ni umwilisho, iliyoundwa kama utamadunisho: mwili, kumwilisha, umwilisho. Itumie bila wasiwasi: "fumbo la Umwilisho". Kitenzi chake tu ndicho kinachotaka uangalifu, kwa sababu msikilizaji wa "alimwilisha" anaweza kuidhani -m- ni ya mtendwa, akabaki akitafuta maana ya "wilisha". Katika mahubiri, sema "Neno aliyetwaa mwili".