Umepata jongoo bahari mpya wa kina kirefu? Jina subiri kwanza

Watu wakisikia una jongoo bahari ambaye sayansi haimjui, swali la kwanza ni utamwitaje, na mimi nishawaambia wanafunzi kibao kwamba jina ndo la mwisho kabisa na ndo rahisi kuliko yote. Kazi yenyewe iko kwenye ngozi ya huyo mnyama, na inaanza palepale melini.

Hawa wa chini sana mwili wao karibu wote ni maji, wavu ukimleta anafika kachunika, kwa hiyo kama meli ina roboti yenye bomba la kunyonya sampuli pigania hiyo. Mpige picha akiwa bado chini anatembea, halafu tena akifika juu, rula pembeni, kabla hajaguswa na kitu. Zambarau, pinki, njano, zote zinapotea kwenye ethanoli na mwili unasinyaa, yani yule Psychropotes longicauda mwenye kiungo kikubwa kimesimama nyuma kama tanga, ukimkuta kwenye chupa ya makumbusho utabisha kwamba ndo yeye.

Kipande cha DNA kata mapema, kiweke kwenye ethanoli ya 95%. Fomalini mi siipendi kwa hawa, inaharibu DNA, na ikishakuwa na asidi inayeyusha vijiwe vya chokaa vilivyo ndani ya ngozi, na bila vijiwe huna kesi. Hivyo vijiwe ni vidogo mno, vinataka hadubini, ila ndo vinavyotenganisha spishi: kuna vya msalaba, vya fimbo, vya gurudumu. Kuvitoa sio ishu, unakata kangozi kadogo unakadondoshea dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, nyama inayeyuka vijiwe vinabaki, unasuuza kwa maji mara kadhaa taratibu maana vinaondoka na maji kirahisi sana. Sasa hapa ndo watu wanafanya uvivu, wanachukua kipande cha mgongoni tu wanaridhika. Chukua mgongo, tumbo, minyiri ya mdomoni, miguu, kila sehemu na lebo yake, kwa sababu mnyama mmoja anaweza kuwa na vijiwe tofauti kila mahali na spishi mbili zikafanana mgongoni zikatofautiana kwenye minyiri. Ukiweza pata na picha za hadubini ya elektroni.

Halafu kusoma. Spishi nyingi za kina kirefu zilielezwa na mwanasayansi wa Uswidi, Hjalmar Théel, kutokana na safari ya utafiti wa bahari ya meli ya Kiingereza Challenger ya 1872 hadi 1876, ripoti zake zilitoka 1882 na 1886, na huwezi kuzikwepa. Michoro ni mizuri kwelikweli, lakini maelezo mengine yanategemea sampuli chache zilizoharibika, kwa hiyo usiishie kwenye kitabu, andikia makumbusho uombe kuiona holotaipu yenyewe, yani ile sampuli moja rasmi iliyobeba jina la spishi, au picha za vijiwe vyake. Unaweza kukuta "mpya" wako ana jina tangu karne ya 19. Inauma, ila bora ujue kabla ya kuchapisha.

DNA inasaidia sana, jeni ya COI hasa, ile inayotumika sana kutambulisha spishi za wanyama, lakini mtu akiniletea tofauti za jeni peke yake bila kuniambia nimtambueje huyo mnyama nikimshika mkononi, namrudisha maabara.

Mwishoni sasa holotaipu iende makumbusho ipewe namba, andika kina na mahali alipotoka. Kama jarida ni la mtandaoni tu, isajili makala ZooBank, rejista rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla haijatoka na namba ya usajili ionekane ndani yake, ndo sheria tangu 2012, la sivyo jina halihesabiki. Na jina lenyewe likiwa ni sifa ya Kilatini, hakikisha linakubaliana na jinsia ya jenasi, yani lile jina la kwanza kati ya mawili.