Kabla hujaandika "imenunuliwa kwa mabilioni"

Wadogo zangu wa dawati la biashara, nimevumilia vya kutosha. Tangu habari ya Electronic Arts itoke mwishoni mwa Septemba 2025, stori zenu zinaniletea intro ile ile: kampuni ya gemu ya Marekani "yanyakuliwa" kwa dola bilioni 55 na PIF, mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, ukiwa na kampuni za uwekezaji za Silver Lake na Affinity Partners. Bei ipo, wanunuzi wapo, na picha ya mchezaji wa mpira wa kwenye skrini haikosekani. Kinachokosekana ni kwamba katika hizo bilioni 55, bilioni 20 ni mkopo, na mzigo wa mkopo wa namna hiyo huishia kwenye mabega ya kampuni inayonunuliwa. Hilo mmelitupa aya ya mwisho, au hamkuliandika kabisa.

Nawapenda, ndiyo maana nafoka. Wengi wenu mnajua gemu kuliko mimi nitakavyowahi kujua, na hapo ndipo mnapoponzwa: mnaandika kama mashabiki waliosikia timu yao imesajili.

Mfano wangu ni Embracer Group, kundi la kampuni za gemu la mji wa Karlstad, Uswidi, kwa sababu karibu kila kosa mnaloniletea mezani limo ndani ya historia yake. Mwanzilishi wake, Lars Wingefors, alianza akiwa kijana mdogo kuuza katuni za mitumba kwa njia ya posta, baadaye gemu za mitumba. THQ, kampuni ya gemu ya Marekani, ilipofilisika na mali zake kupigwa mnada mwaka 2013, aliokota majina kadhaa ya gemu, Darksiders na Red Faction yakiwemo, kwa dola milioni 4.9 tu. Baadaye akalichukua hata jina la THQ lenyewe. Mtu wa mitumba anajua bei. Mambo yalibadilika alipoingia maduka ya vitu vipya: Koch Media mwaka 2018, Saber Interactive 2020, Gearbox 2021, Asmodee ya gemu za mezani, kisha 2022 Crystal Dynamics na Eidos-Montréal pamoja na haki za Tomb Raider. Ikafika mahali kundi lina studio, yaani nyumba za kutengeneza gemu, zaidi ya 130. Haya, tuanze.

1. Likikutana nawe neno "hadi", simama.

Februari 2021 Embracer ilitangaza kuinunua Gearbox, watengenezaji wa Borderlands, kwa "hadi" dola bilioni 1.378. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Stori ilikuwa ndefu, kichwa kilipewa safu mbili, na hiyo "hadi" nikaiona inanibania nafasi. Nikaifuta. Kikatoka: "Gearbox yauzwa dola bilioni 1.3". Hakuna msomaji aliyelalamika, na huo ndio ubaya wa makosa ya aina hii, yanalala.

Machi 2024 likaamka. Embracer ikatangaza kuiuza Gearbox kwa Take-Two, kampuni nyingine ya gemu, kwa dola milioni 460, malipo yakiwa hisa za Take-Two. Nikaenda kwenye kumbukumbu zetu, nikaikuta bilioni 1.3 yangu inanisubiri, nikatoa moja kwa nyingine, nikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 800. Mwenzenu nikapagawa. Sikuandika habari, niliandika uchambuzi, kwa jina langu, na ile picha yangu ndogo ya studio pembeni, nikiwaonya wafanyabiashara wa hapa nyumbani wasinunue kwa pupa kama Waswidi. Nilitumia hadi neno "wameungua". Mhariri aliyeipitisha akaniambia, "Dada, hii kali." Nikaenda nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyozaliwa.

Kesho yake simu ya chumba cha habari ikalia. Mzee mmoja, mhasibu mstaafu, mwenye ule upole unaotisha.

"Binti, shikamoo zako nimezipokea. Hiyo bilioni moja na ushee, ilitoka?"

Nikasema ilitangazwa.

"Sikuuliza kama ilitangazwa. Umelinganisha mahari iliyotajwa na mahari iliyotolewa."

Akanikalisha darasani kwenye simu, nami nikiitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee", wenzangu wakijifanya wanachapa. Kianzio cha Gearbox kilikuwa dola milioni 363, na hata hicho sehemu yake ililipwa kwa hisa. Iliyobaki, zaidi ya dola bilioni moja, ilikuwa malipo ya masharti: yangelipwa tu kama Gearbox ingefikia malengo iliyowekewa katika miaka sita. Walipouza haikufika hata miaka minne. Na kilichouzwa hakikuwa kile kile kilichonunuliwa. Embracer ilibaki na studio za Cryptic na Lost Boys na kitengo cha uchapishaji cha San Francisco, vitu ambavyo vingine viliongezwa chini ya Gearbox baada ya 2021. Kwa maneno mengine, mimi nilichukua bei ya ahadi ya kitu kimoja, nikatoa bei halisi ya kipande cha kitu kingine, jibu nikaliita hasara.

Nikajitetea kwamba basi, ukilinganisha na kianzio, wamepata faida? Mzee akacheka, kicheko hicho nakisikia mpaka leo. Faida ipi, na fedha zilizomwagwa katikati kutengeneza gemu ambazo hazijatoka umezihesabu wapi? Alikuwa na haki tena. Jibu la kweli lilikuwa kwamba kwa tarakimu nilizokuwa nazo mezani sikupaswa kuandika faida wala hasara.

Marekebisho yalitoka ukurasa wa ndani, herufi za mchwa. Mpwa wangu anayesoma uhasibu aliyakata akayabandika kwenye jokofu langu, na nimemkataza asiyatoe. Ndiyo maana juzi mmoja wenu aliponiambia "hadi" ni neno la kujaza sentensi nilinyanyuka nikaenda kunywa maji.

Na Saber ni vivyo hivyo: hadi dola milioni 525 kwenye tangazo la 2020, kianzio milioni 150, ikauzwa 2024 kwa milioni 247. Jaribuni kuandika kichwa cha haki kwa hizo tarakimu tatu. Kigumu, sivyo?

2. Uliza wamelipa kwa nini, kabla ya kuuliza wamelipa kiasi gani.

Hapa ndipo ilipo injini yenyewe, na stori zenu zinapita juu yake kama mwendokasi. Embracer ilikuwa inanunua kwa fedha taslimu na kwa hisa zake yenyewe. Hisa ikiwa juu, unatoa hisa mpya chache unapata studio kubwa. Mapato ya studio yanaingia kwenye vitabu vyako, vitabu vinanona, wawekezaji wanafurahi, hisa inapanda, unarudi sokoni. Mwaka 2020 na 2021, watu wamefungiwa ndani na korona wanacheza gemu, na riba ya benki kuu ya Uswidi ikiwa sifuri, injini hiyo haikuhitaji mafuta mengi. Riba ikaanza kupanda katikati ya 2022, na kufikia Septemba 2023 ilikuwa asilimia 4. Watu walikuwa wamerudi maofisini. Hisa ikishuka, ile studio ambayo ungeilipa kwa hisa kumi sasa inataka thelathini, na wenye hisa wa zamani wanaanza kukukasirikia. Kampuni iliyozoea kukua kwa kununua ikiacha kununua, ndipo unaona kwa mara ya kwanza inakua kiasi gani kwa nguvu zake.

Kwa hiyo ripoti ya robo mwaka ikifika, nendeni kwanza kwenye mstari wa ukuaji wa ndani, msianze na mauzo ya jumla.

3. Asmodee ilinunuliwa kwa bilioni 2.75 za EURO, ripoti za Embracer zimeandikwa kwa kronor, fedha ya Uswidi, Gearbox ni dola, na aliyezijumlisha zote wiki iliyopita kwenye jedwali moja anajijua.

4. Kauli ya mdomo si dili.

Juni 2022 Savvy Games Group, ambayo ni mali ya huo huo mfuko wa PIF mnaoushangilia leo, iliweka dola bilioni moja ndani ya Embracer kwa kununua hisa. Oktoba mwaka huo Embracer ikapata ahadi ya mkataba mwingine mkubwa: zaidi ya dola bilioni 2 kwa miaka sita, fedha za kutengenezea gemu. Ahadi ya mdomo. Nyaraka zikaandaliwa, miezi ikapita, kampuni ikaendelea kuajiri na kutumia kama mtu ambaye mshahara umeshaingia. Usiku wa kuamkia Mei 24, 2023, upande wa pili ukasema hatuendelei. Soko lilipofunguliwa hisa ikaporomoka, na siku hiyo ikapoteza zaidi ya asilimia 40. Embracer haikumtaja mwenzake. Vyombo vya habari vya Marekani ndivyo vilivyoandika baadaye kwamba alikuwa Savvy. Juni 13 ukatangazwa mpango wa kupunguza: studio kufungwa au kuuzwa, gemu kufutwa, watu kwenda nyumbani.

Na tafadhali, acheni kuandika kwamba walianguka kwa sababu gemu zao zilikuwa mbovu. Dead Island 2 ilitoka Aprili 2023, mwezi mmoja kabla ya balaa, ikauza nakala milioni moja ndani ya siku tatu. Gemu nzuri haikulipa deni la kampuni nzima. Mkiniletea tena "ubora umeshuka" bila tarakimu nitairudisha stori na kalamu nyekundu, na mnajua mwandiko wangu.

5. Studio si namba kwenye jedwali.

Hapa nawaomba mpunguze kasi kidogo. Volition ya Champaign, Illinois, ilitimiza miaka 30 mwaka 2023. Ilikuwa chini ya THQ tangu 2000. THQ ilipofilisika, Koch Media ikainunua Volition kwenye mnada wa 2013, wafanyakazi wakapumua. Mwaka 2018 Koch ikanunuliwa na kampuni iliyokuwa ikijiita THQ Nordic, yaani Embracer kabla haijabadili jina. Waliponea chupuchupu kufa na THQ, miaka mitano baadaye wakajikuta wanafanya kazi kwa mwenye jina hilo hilo. Gemu yao mpya ya Saints Row ya Agosti 2022 ilipokewa vibaya. Wakahamishiwa chini ya Gearbox, na Agosti 31, 2023 milango ikafungwa.

Stori yetu ya siku hiyo ilisema: "Embracer pia imefunga studio moja." Studio moja! Sikusema kitu kwa sababu aliyeandika alikuwa wiki yake ya kwanza, lakini nilimpigia msonya kimoyomoyo. Mchoraji wa Champaign hakuwa na kiti kwenye chumba kilichopitisha kununua Gearbox, na hakuna tovuti ya wawekezaji itakayokwambia alipohamia. Mtafuteni. Wengi wao wako wazi kuzungumza, na swali la kwanza liwe kama walilipwa stahiki zao kwa wakati.

6. Ukubwa wa mnunuzi haumlindi aliyenunuliwa.

Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard wa dola bilioni 68.7 Oktoba 2023, Januari 2024 ikatangaza kupunguza watu 1,900 kwenye kitengo cha gemu. Mei ikafunga studio za Arkane Austin na Tango Gameworks ya Japani, hiyo Tango ikiwa imetoka kusifiwa kila kona kwa gemu ya Hi-Fi Rush. Krafton, kampuni ya gemu ya Korea Kusini, ikaja kuiokota Tango miezi michache baadaye. Microsoft haikuwa na shida ya fedha kama Embracer, kwa hiyo msikopi aya ya sababu kutoka stori moja kwenda nyingine. Nimeshaiona aya hiyo mara nyingi, nimeizoea kama jirani.

7. Gudwili, yaani ile ziada iliyolipwa juu ya thamani ya mali za kampuni iliyonunuliwa, ikishushwa thamani kwenye mizania, fedha hazijatoka mlangoni siku hiyo. Zilitoka siku ya kununua.

8. Fuateni watu, msifuate kampuni tu.

Aliyeuza Saber kwa Embracer mwaka 2020 ni Matthew Karch, mmoja wa waanzilishi wake, kisha akawa sehemu ya uongozi wa kundi. Aliyeinunua tena Machi 2024, kupitia kampuni ya Beacon Interactive, ni Karch huyo huyo. Embracer ilipata fedha taslimu ilizokuwa inazihitaji vibaya na kuondokana na gharama za gemu nyingi ambazo zilikuwa bado jikoni. Moja ya hizo zilizokuwa jikoni ni Warhammer 40,000: Space Marine 2. Ilitoka Septemba 2024, nusu mwaka baada ya mauzo, ikauza mamilioni ya nakala. Muuzaji, mnunuzi, mtu yule yule pande zote mbili, na gemu iliyolipa ikichelewa miezi sita tu kumfaidisha aliyeiuza studio: stori imejileta yenyewe mpaka mlangoni. Niliisubiri Septemba nzima. Hakuna aliyeileta. Baadaye nikaja kujua kwamba nyote mlikuwa mnaicheza.