Kwa wanaoanza kupiga picha sakafu ya bahari ya ncha za dunia

Picha za huko chini ni za kuhesabia. Zikitokea kupendeza, heri, lakini atakayezitumia anataka kujua kuna sifongo wangapi, wale wanyama wanaokaa wameshikamana na sakafu, kwa kila mita ya mraba, na picha isiyo na kipimo haimsaidii kitu.

Kipimo chenyewe ni leza. Nukta zake hutua chini zikiwa zimeachana kwa umbali unaojulikana, tuseme sentimita 50. Pima umbali huo mwenyewe kwenye sitaha kila mara kabla ya kushusha fremu inayobeba kamera, karibu na mbali, uhakikishe miale haikutani wala kutawanyika. Leza iliyogongwa hupinda kidogo tu, huoni kwa macho. Ila kosa la asilimia 10 kwenye urefu ni karibu asilimia 20 kwenye eneo, na hesabu zote hufuata huko.

Mwaka 2021, meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilivuta kamera katika Bahari ya Weddell, Antaktika, ikakuta viota vya samaki barafu, Neopagetopsis ionah, kimoja baada ya kingine. Kila kiota kilikuwa na upana wa sentimita 75 hivi. Makadirio yaliyotoka ni viota milioni 60 kwenye kilomita za mraba 240. Hakuna aliyevihesabu vyote: walihesabu vya kwenye picha, wakagawa kwa eneo lililopigwa, wakazidisha. Sasa fikiria leza iliyopinda.

Kwa sababu hiyohiyo, iache kamera ijipige yenyewe kwa vipindi ulivyoipangia. Utashawishika. Ukiona jiwe lililodondoshwa na barafu katikati ya tope, limejaa sifongo na matumbawe laini, kidole kitakwenda chenyewe kwenye kitufe. Bonyeza, sikukatazi, lakini picha hizo ziweke kando na zisiingie kwenye hesabu, la sivyo tope tupu litaonekana lina watu wengi kama soko.

Kimo nacho kina ubishi wake. Mita moja na nusu hadi mbili na nusu juu ya sakafu panafaa. Ukishuka zaidi, wimbi moja likiiinamisha meli fremu inagonga chini na tope linafunika kila kitu. Ukipanda, maji yanameza rangi nyekundu na viumbe wadogo wanapotea. Elewana mapema na mwendesha winchi, mashine inayoshusha na kupandisha fremu, maneno mtakayotumia, mafupi. Taa zikae mbali na lenzi, maana zikiwa karibu chembe zinazoelea zitang'aa mbele ya kamera.

Kwenye barafu nene mawimbi hutulia, ila njia huichagui: meli inakwenda inakopelekwa na barafu. Usiandike mahali ilipo meli. Andika ilipo kamera, kwa kifaa kilichofungwa kwenye fremu kinachojulisha mahali kilipo kwa mawimbi ya sauti.

Baridi ya maji haishuki sana chini ya nyuzi −1.9. Hewa ya juu ndiyo inayoua betri. Kasha la kamera lifunge kwenye chumba kikavu, na vifuko vya kunyonya unyevu ndani, vinginevyo kioo kitapata ukungu chini huko. Pete ya mpira inayoziba kasha ikague kwa tochi. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji.

Saa ya kamera na ya meli zilinganishe kabla ya kuzama, na tena ikitoka.