Mtoto anafukuza Pokémon barabarani: jibu kwa mama wa Kamalondo, Lubumbashi

Mama, nimekuelewa: kijana wa miaka 14 anazunguka mtaani na simu mkononi, baba yake anataka kuivunja, majirani wanasema ni mashetani. Si mashetani. Ni Pokémon GO, mchezo wa simu uliotoka Julai 2016: mchezaji anatembea akitafuta wanyama wa kubuni waitwao Pokémon ili awakamate. Unatumia GPS na ramani, na hao wanyama wako kwenye kioo tu. Na simu ikivunjwa, ataazima ya rafiki.

Hatari yenyewe ni kamera. Akiielekeza upande wa kambi ya jeshi ya Vangu au kituo cha polisi, askari ataona mtu anapiga picha, na hapo maelezo hayasaidii. Zimeni AR (hali inayoonyesha mnyama kupitia kamera) anapokamata, kisha mkaondoe ruhusa ya kamera kwenye mipangilio ya simu. Mchezo utaendelea vilevile.

Washeni pia Adventure Sync kwenye mipangilio ya mchezo: kilomita anazotembea ili mayai ya mchezo yaanguliwe zinahesabiwa simu ikiwa mfukoni, kwa hiyo hana sababu ya kuvuka barabara akiangalia kioo. Ununuzi wa ndani ya mchezo uwekeeni nenosiri analolijua baba peke yake.

Akianza kutoroka shule au kuiba pesa za yuniti, muoneni mwalimu wake, na ikibidi mwanasaikolojia.