Kuigiza hadithi za watoto shuleni bila kuziharibu

Kundi la waigizaji likiingia shule ya msingi hapa Uganda na kusema "andikeni hadithi, sisi tutaziigiza", mara nyingi litatoka na rundo la karatasi zinazofanana. Nyingi zitaanza na "Hapo zamani za kale", zitakuwa na sungura mjanja, na zitaisha kwa onyo kwa wasiosikia la mkuu. Si kwamba watoto hawana mawazo. Wameandika kile kinachowapa maksi, kwa sababu insha shuleni hukaririwa kwa ajili ya mtihani. Kazi ya siku ya kwanza, basi, ni kumtoa mtoto kwenye insha. Kazi ya siku zote zinazofuata ni kuyalinda maneno yake hadi yafike mbele ya watu yakiwa bado ni yake.

Chagueni P4 hadi P6, yaani darasa la nne hadi la sita. P7 waacheni na PLE yao, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. P3 kushuka chini wanasimulia vizuri ajabu lakini kuandika kunawachosha, hivyo kwao mwigizaji ndiye karani: mtoto anasema, wewe unaandika neno kwa neno, hata anapojirudia. Ombeni vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80. Darasa likiwa na watoto 80, mnahitaji waigizaji sita, kila mmoja na kikundi chake cha watoto 13 au 14. Mkiwa watatu tu, chukueni nusu ya darasa leo na nusu kesho. Mwigizaji mmoja akipewa watoto 30 huishia kusimamia nidhamu.

Dakika 15 za kwanza ni michezo ya mwili na sauti, ili watoto wawaone mkifanya mambo ya ajabu bila aibu. Dakika 15 zinazofuata wachore, kisha kila mmoja amsimulie jirani yake alichochora. Ndipo waandike kwa dakika 35, na zinazobaki ni za kusomeana. Msiruke kuchora. Mtoto aliyekwisha chora na kusimulia haulizi "niandike nini, anti?" kwa sababu hadithi ameshaishika mkononi.

Maswali ya kuwachokoza yawe ya vitu wanavyoviona kila siku. Ni kitu gani nyumbani kwenu kisichopenda kuguswa? Jerikani ikianza kuongea, nani atakuwa wa kwanza kuisikia, na itamwambia nini? Kuna nini ndani ya tangi la maji la shule usiku? Jihadharini na kusifu. Ukisema "hii nzuri sana!" kwa sauti juu ya hadithi moja, baada ya dakika tano kikundi kizima kitakuwa na jerikani zinazoongea. Kwa kila mtoto sema "endelea, halafu ikawaje?", basi.

Suala la lugha ndilo linaloharibu kazi nyingi. Mtoto aliyefundishwa kwa lugha ya nyumbani hadi P3 akiingia P4 anakutana na Kiingereza kila mahali, na nusu ya anayoweza kusema yanabaki kooni. Waambieni waziwazi kwamba lugha yoyote inaruhusiwa, na mwambieni mwalimu hivyo kabla, la sivyo atapita katikati ya meza na kalamu nyekundu. Arua, Bombo, Busia, na kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, mtapata hadithi nyingi za Kiswahili, na huko makazini Kiswahili chenyewe mara nyingi kitakuwa cha Kongo. Mtoto akiandika "bantu balikimbia", mwigizaji naye aseme "bantu balikimbia". Kumsahihisha jukwaani ni kumwambia mbele ya shule nzima kwamba nyumbani kwao hawajui kusema. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere waliozunguka na michezo yao miaka ya 1960 walibeba ya Kiingereza pamoja na ya lugha za watu, Kiswahili ikiwemo, na sababu yao inatuhusu hadi leo: mtazamaji hucheka na kushtuka upesi zaidi kwa lugha anayoiota.

Kutoka kwenye hadithi 80, onyesho la dakika 45 linabeba saba au nane. Zisomeni zote kwa sauti, kila mmoja akisoma za kikundi ambacho hakukisimamia. Mwandiko na tahajia visihesabiwe kabisa. Tafuteni sentensi inayowasimamisha. Pangeni urefu usiolingana: moja ya dakika saba yenye wimbo, mbili tatu za dakika tano, na angalau moja ya nusu dakika, kwa sababu wapo watoto wanaoandika sentensi tatu tu na zikatosha. Waandishi wasiochaguliwa nao wasiachwe mikono mitupu. Kutoka kwa kila mmoja chukueni mstari mmoja, na mistari hiyo isomwe mfululizo katikati ya onyesho, huku ngoma ikipigwa taratibu. Mistari 70 huchukua kama dakika saba, na watoto huisubiri wakiwa kimya kabisa, kila mmoja akiusikilizia wake.

Kanuni yetu ya uigizaji ni hii: neno linaweza kupunguzwa, haliongezwi. Sauti, mwendo, wimbo na ukimya ni vyenu. Maneno ni ya mtoto.

Chukueni hadithi kama hii: "Mbuzi alimeza simu ya mama. Halafu simu ikaita tumboni. Halafu mama akasema mbuzi pokea. Halafu mbuzi akapokea. Alikuwa ni shangazi." Waigizaji wazoefu watashawishika kufanya mambo mawili. La kwanza ni kumfanya mama kichekesho, akimbie huku na huku akipiga kelele. La pili ni kuongeza mwisho, mbuzi achinjwe au mama ajifunze kutunza simu. Yote mawili yanaua hadithi. Mama huyu hashangai. Anaona simu inaita, na aliye karibu nayo ni mbuzi, basi mbuzi apokee. Mwigizeni kwa utulivu wa mwanamke anayemenya matoke, macho kwenye kisu. Mwigizaji wa pili ni mbuzi, wa tatu amejikunja chini ya leso ya kujifunga nyuma ya mbuzi, yeye ndiye simu, na baadaye ndiye shangazi. Kila "halafu" ipigiwe ngoma mara moja, zile tatu zinatosha kuwa mapigo ya onyesho zima. Baada ya "alikuwa ni shangazi", shangazi achungulie kutoka kwenye leso, mbuzi na mama wamtazame, hesabuni moyoni hadi tatu, mwisho. Msieleze.

Kwa hadithi saba, waigizaji watano wanahitaji siku nne au tano za mazoezi. Siku ya mwisho kabla ya onyesho mwiteni kila mwandishi pembeni kwa dakika kumi, mwalimu akiwepo, aione hadithi yake. Muulizeni: tumeacha nini? Huyu anatembea hivi? Kuna kitu usichotaka watu wakione? Akisema simba wake hangurumi, simba asingurume. Akisema hataki iigizwe tena, toeni, na wala msimbembeleze. Kwa hiyo kila mara muwe na hadithi mbili za akiba zilizokwisha fanyiwa mazoezi. Muulizeni pia kama jina lake litajwe.

Zipo hadithi ambazo si za jukwaa. Mtoto anaweza kuandika kuhusu usiku waliokimbia, au mtu mzima anayemfanyia jambo baya. Hata kama imeandikwa vizuri kiasi gani, na hata mkibadilisha majina, wenzake darasani watamjua. Hadithi ya namna hiyo isizungushwe kwa kundi zima. Aliyeisoma kwanza aipeleke siku hiyo hiyo kwa mwalimu mlezi wa wasichana au wa wavulana, ambaye shule huwa naye, au kwa mwalimu mkuu. Ikiwa mtu wa shule ndiye anayetajwa, pigeni 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Msimhoji mtoto kama polisi, na msimwahidi kwamba mtaifanya siri. Mwambieni mmemsikia, na kwamba mtamtafuta mtu wa kumsaidia.

Kuhusu mahali: saa nne asubuhi inafaa kuliko alasiri, kwa sababu mvua nyingi hushuka mchana, na mvua ikianza kupiga mabati ya ukumbi hakuna sauti ya binadamu itakayopenya. Andaeni hadithi mbili zinazoweza kuigizwa bila neno hata moja, mvua ikianza mnaingia humo mara moja. Nje chini ya mwembe, watoto wakae jua likiwa mgongoni kwao, waigizaji wavumilie mwanga usoni. Acheni uwanja wa mita tano kwa nne, wadogo mbele kwenye mikeka, wakubwa nyuma kwenye mabenchi, kwa umbo la mwezi mwandamo. Watazamaji wakizidi 300, fanyeni maonyesho mawili. Kipaza sauti cha shule kikataeni kwa adabu: kinamkamata mmoja tu, kinapiga mluzi, na kinamfunga mwigizaji mahali pamoja. Na mwombeni mwalimu mkuu kwamba walimu wakae, asizunguke mtu na fimbo katikati ya safu. Fimbo ikipita, kicheko kinakatika na hakirudi.

Vifaa vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaobebeka kwenye boda boda: leso nne, kipande kikubwa cha kitambaa cha gome la mti wa mutuba, jerikani mbili tupu, fimbo ya kutembelea, ngoma ndogo na kayamba. Gome la mutuba hukunjwa likasimama lenyewe, likawa mlima, kichuguu au mlango. Madekoresheni ya karatasi hung'oka upepo wa kwanza.

Baada ya onyesho, karatasi za watoto zirudi kwao zote, zikiwa safi, bila alama wala masahihisho. Pigeni picha za kila ukurasa kabla, mchape hadithi zote, hata zile ambazo hazikuigizwa isipokuwa zile za siri, na mumpe mwalimu wa darasa nakala mbili, moja ya kabati la vitabu na moja ya kusomwa hadi ichakae. Kama mnataka kuigiza hadithi hizo kwenye shule nyingine, ombeni ruhusa upya kwa mtoto na mzazi wake. Ruhusa ya kwanza ilikuwa ya shule ile tu.